Mwenzako Ameshasema Yote

Sentensi niliyoitafsiri mara nyingi kuliko nyingine yoyote maishani mwangu ni hii: "Mwenzako ameshasema yote." Nilikuwa karani na mkalimani katika kambi ya kuchuja watu, Embu, miaka ile ya Hali ya Hatari. Afisa mzungu aliisema kwa Kiingereza, mimi nikaigeuza kwa Kiembu, na mtu aliyekaa chini mbele yetu akaanza kutetemeka midomo. Karibu kila mara ilikuwa uongo. Huyo mwenzake alikuwa chumba cha pili, akiambiwa maneno yale yale.

Sijitetei. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, kipande cha kupitia vizuizini kisicho na doa mfukoni, viatu vya ngozi miguuni, na nilijiona mjanja. Waliletwa watu wa kila namna: wakulima, walimu, vibarua waliorudishwa kutoka mashamba ya ngano ya Timau wakiwa bado na midomo iliyopasuka kwa baridi. Wote waliambiwa watapike. Ndilo neno lililotumika, kutapika kiapo walicholishwa na wapiganaji wa msituni. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba kiapo ni ugonjwa wa akili, na dawa yake ni kusema. Aliyekataa kusema aliandikwa mweusi, aliyesema nusu akaandikwa kijivu, na aliyemaliza akawa mweupe. Mweupe alirudishwa kijijini, kile kijiji chetu kipya chenye handaki pande zote, ambako hata jirani akikuomba chumvi unajiuliza anataka kujua nini.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumweleza mambo hayo. Alikuwa dresa, msafisha vidonda, katika hospitali ya misheni, Mmbeere wa Kiritiri, na tulikaa pamoja katika nyumba ya udongo nyuma ya hospitali. Yeye ndiye aliyepika, kwa kuwa mimi huunguza hata maji. Akifua bandeji aliimba, na aliimba vibaya. Nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimelizunguka neno hilo miaka mingi mno. Naye alinipenda, na watu waliona tu makapera wawili wasio na haraka ya kuoa.

Nilimweleza hila ya kambini siku moja akichambua maharagwe. Nikaigiza sauti ya afisa, nikaigiza na yangu. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akaniuliza kama kuna watu wanaoamini, nikamjibu kwamba wajinga huamini.

Sasa nije kwa mmishonari, mzungu aliyesimamia misheni ile na hospitali yake. Alikuja kambini kila Jumatano kuhubiri toba, na akimaliza aliketi pembeni na daftari lake, akitazama tunavyofanya kazi. Huko kwao alikuwa amesomea mambo ya nafsi ya mtu, na aliamini kwamba chini ya kila dhambi kuna kidonda cha utotoni, na kwamba kidonda hicho hutolewa kwa kusemwa. Siku moja aliniita ofisini kwake. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameniletea mchumba mara mbili, binti wa kwaya, na mara mbili nilikuwa nimepiga chenga. Mmishonari hakuniambia anachojua. Aliniambia tu kwamba mimi ni mgonjwa, kwamba ugonjwa wangu una jina katika vitabu vyake, na kwamba Mungu na elimu wakishirikiana nitapona. Sisi kambini tuliuliza habari za kiapo peke yake, lakini huyu aliuliza kila kitu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nilikwenda kwake kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Alinikalisha nikitazama ukuta ili nisiuone uso wake. Nilisimulia ndoto. Aliuliza kama baba alikuwa akinipiga, na kama mama alinibeba mgongoni muda mrefu kupita kiasi. Nikamwambia alinibeba kama mama wote wanavyobeba, mpaka mdogo wangu akaja akachukua mahali pangu. Akaliandika hilo kwa bidii. Kila wazo baya nilipaswa kuliandika kwenye daftari langu, nisome Zaburi, nioge maji baridi. Tena nikae kwenye mazoezi ya kwaya niwatazame wasichana mpaka hisia ziamke. Niliwatazama. Nilichokiona ni kwamba wote walikuwa wamekonda, maana ilikuwa mwaka wa njaa na watu hawakuruhusiwa kwenda mashambani bila mlinzi.

Lazima niwe mkweli: nilitaka kupona. Mtu asinisome akadhani nilikuwa nikimcheka mzungu yule moyoni. Nilipiga magoti kwenye saruji yake nikaomba kwa moyo wangu wote, naye akaweka mkono kichwani pangu akalia machozi ya kweli. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilifika nyumbani, nikamsikia mtu akiimba vibaya juu ya karai la bandeji, nikajua hakuna kilichoondoka.

Kilichoingia ni kitu kingine. Nilianza kujiuliza nani alinisema. Mzee wa kanisa hakuwa na akili ya kugundua. Jirani zetu walikuwa wagonjwa. Aliyejua alikuwa mmoja tu. Kisha nikamwona akitoka nyumbani kwa mmishonari na kikapu mkononi, akinyoosha kola ya shati. Ningeweza kumuuliza. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kambi, nilifundishwa kutouliza mapema, kuangalia kwanza. Nikaangalia. Nikahesabu siku alizochelewa. Nikapekua mifuko ya koti lake nikakuta pini na kipande cha sabuni. Aliponiuliza nina nini siku hizi, nilisema ni kazi.

Alhamisi moja mmishonari aliweka kalamu chini. Akazungumza taratibu, kwa Kiembu, lugha aliyokuwa ameokotaokota pale pembeni kambini.

"Mwenzako ameshasema yote."

Yalikuwa maneno yangu. Yalikuwa hata na kile kituo kidogo ninachoweka kabla ya neno la mwisho, ili limwangukie mtu. Niliyatambua papo hapo. Nilijua ni hila, nilijua amejifunza kwangu, na bado nikakiona kikapu kile na kola ile, nikasema moyoni kwamba safari hii huenda ni kweli. Nikafungua mdomo. Nilimtaja jina, nikataja tangu lini, na nilipoulizwa nani alianza nikasema ni yeye, jambo ambalo si kweli. Nilitapika kweli kweli. Mmishonari alifunga daftari akaniambia kwamba kuanzia siku ile mimi ni mweupe.

Juma lililofuata dresa alifukuzwa kazi, kibali chake cha kukaa Embu kikafutwa, akapakiwa lori kwenda kwao. Mimi nilikuwa kambini natafsiri. Niliporudi nilikuta kitanda kimevuliwa shuka, sufuria imeoshwa na kufunikwa. Baada ya miezi michache nilimwoa yule binti wa kwaya, kanisa likapiga vigelegele. Alikuwa mwanamke mwema. Nilimpa nyumba, watoto, na mume ambaye hakuwepo, na kosa hilo ni langu, si la mmishonari. Sikubadilika hata chembe. Nilichofunzwa Alhamisi zote zile ni kuficha vizuri zaidi.

Na muda wote huo niliendelea kumshuku dresa. Nilihitaji kumshuku. Ikiwa yeye ndiye alitangulia kusema, basi mimi nilifuata tu.

Vipande vilipolegezwa, karibu na mwisho wa Hatari, niliomba nafasi kwenye lori la mahindi ya msaada nikashuka Kiritiri. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, maneno nimeyapanga njia nzima. Nilimkuta nje ya boma la mama yake, ameinama anamfunga mbuzi mguu uliovunjika. Alikuwa amezeeka kidogo. Aliniita karani, kama zamani, akanipa kigoda. Nikafungua mdomo kuomba msamaha, na kilichotoka ni swali.

"Ulinisema kwa mmishonari?"

Alimaliza fundo la kamba kwanza. Akaniuliza kama nimetoka Embu mpaka hapo kwa ajili ya hilo tu. Kisha akaeleza bila hasira. Kabla ya juma lile alilofukuzwa, hakuwahi kuulizwa neno. Alikuwa akienda kule kumsafisha kidonda cha mguu mke wa mmishonari, naye mama huyo alimjazia ndizi kikapuni.

"Halafu akaniita ofisini," akasema. "Akaniambia ati wewe umenitaja, umesema yote. Nikacheka, karani. Nikamwambia, Bwana, hiyo maneno naijua, rafiki yangu ndiye huitafsiri kila siku. Nikamwambia huyo mtu hawezi kunitaja. Akakasirika sana. Nafikiri alinifukuza kwa sababu ya kile kicheko."

Mbuzi alijaribu kusimama, akamrudisha chini kwa kiganja. Akanitazama.

"Au nilikosea?"

Nilikuwa nimeungama mbele ya ukuta ule kwa mwaka mzima. Nilikuwa nimewatoa watu maneno ambayo hata mama zao hawakuyajua. Hapa paliulizwa swali moja dogo na mtu pekee niliyekuwa na deni la kumjibu.

"Hukukosea," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akamwita mama yake, mwanamke mfupi asiyesikia vizuri, ikabidi apaze sauti. Alimwambia kwamba huyu ndiye yule wa Embu, yule ambaye wazungu walimbana wee, na hakumtaja mtu. Mama akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaenda kuniletea uji. Niliunywa wote.