Hatua za Fundi

Fundi cherehani wa Nyabiyonza, jirani yangu wa baraza moja, alikuwa na mikono mipana iliyolainisha kitambaa mara tatu kabla ya kukikata, na alizoea kuzungumza na pini mdomoni. Sukari ilipompanda, daktari alimwagiza atembee. Bintiye Evaresta, anayefanya kazi Bukoba, akamletea saa inayohesabu hatua na kuzituma kwenye simu. Wiki ya kwanza hatua zilikuwa chache, binti akapiga simu akilia. Mimi, kwa mzaha, nikamwambia fundi aifunge kwenye kifundo cha mguu anapokanyaga cherehani, ihesabu kila mkanyago kuwa hatua. Tangu hapo, kila asubuhi aliinama, akaifunga mguuni, akashusha gauni. Kufikia jioni alikuwa na hatua elfu kumi bila kuinuka kitini. Evaresta alipopiga kumsifu, alijibu kwa sauti ndogo, “Asante, mwanangu,” kisha akakata uzi usiohitaji kukatwa.

Mwezi wa sita Evaresta alikuja likizo, wakatoka pamoja kwenda kanisani kwa miguu. Hawakufika nusu ya kilima. Niliwakuta kando ya barabara, fundi amevua kiatu, kidole cha mguu kimekuwa cheusi kwa sukari na yeye hakuwa amehisi kitu.

“Mama, na hatua zote zile?”

“Nilikuwa nimekaa, mwanangu. Nilipenda kukusikia umefurahi.”

Hakusema kwamba ni mimi niliyempa wazo lile. Kidole kilikatwa wiki iliyofuata. Siku ya kuondoka, Evaresta alinipa mikono miwili, akanishukuru kwa kumwangalia mama yake, nami nikamwitikia.