Rangi Nyekundu Kwenye Mawe ya Igogo

Harufu ya tairi linaloungua huwafanya wenzangu wafunge madirisha. Mimi hunirudisha Igogo, mlimani, nikiwa na miaka tisa. Kwetu jiwe halikuanza kupasuliwa kwa nyundo. Waliliwashia moto wa matairi tangu asubuhi, likishashika joto wakalimwagia maji, ukasikia linalia kwa ndani, ndipo wanaume wakaanza kugonga. Nguo zote zilizoanikwa zilinuka moshi siku hiyo, na akina mama walizifua tena bila kulalamika, maana kila mmoja aliwahi kujengewa hivyo hivyo.

Baba alikuwa fundi mwashi, na kila mgeni aliambiwa kwamba nyumba yetu ina kuta tatu za kwake na ukuta mmoja wa Mungu. Huo wa Mungu ulikuwa jiwe kubwa lililosimama nyuma ya chumba, baridi hata mwezi wa tisa. Mbele tulikuwa na baraza ya saruji, mahali pekee palipokuwa tambarare upande ule wa mlima. Pale ndipo nilipocheza mdako, ziwa lote likiwa chini yangu, na watoto wa majirani waliomba ruhusa kwangu kabla ya kukaa. Nilikuwa mwenye baraza, na nililijua hilo vizuri.

Mwaka ule mtaa ukaamua kuchonga njia. Katika msiba mmoja jeneza lilikuwa limesimamishwa wima ili lipenye kati ya nyumba, na watu waliona aibu mpaka wakashindwa kutazamana. Kamati ikatoa kipimo chake: wabebaji wanne, wawili kila upande, wapite bila kuliinamisha. Kigingi hakiingii kwenye jiwe, kwa hiyo waliweka alama kwa rangi nyekundu, kuanzia juu mpaka barabarani. Alama zilipita katikati ya baraza yetu. Baba, aliyekuwa mmoja wa kamati, alikubali bila hata kujikuna kichwa, na kopo la rangi likaachwa kwetu.

Nilichukia, nasema kweli. Jumapili mchana wakubwa walipokuwa msibani, nilichukua kitambaa na mafuta ya taa, nikafuta alama mbili na kuzichora upya hatua mbili juu zaidi. Nilirudi nyuma nikaitazama kazi yangu, nikaona haina kasoro. Sasa njia ilipita kwenye jiko la Mama Koku, jirani yetu mjane aliyetoka Bukoba, kibanda cha udongo chenye bati tatu. Nilijiambia jiko kama lile hujengwa kwa siku moja.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama Koku anatoa vyombo. Alitoa sufuria, kinu, mafiga matatu, akavipanga juani kwa utaratibu kama mtu anayehama kwa hiari yake. Hakumuuliza mtu yeyote neno. Mimi nikafurahi kwamba mambo yamekwisha kirahisi.

Baba alitoka na nyundo yake, akaangalia mstari kwa jicho moja, kisha akaziangalia kucha zangu, zilizobaki na rangi nyekundu.

"Mama," aliniita hivyo kila alipokuwa mpole kupita kiasi, "rangi ya kamati imetembea usiku?"

Hakunichapa. Alinishika mkono mpaka pale penye vyombo, akasimama kando. Nikamwamkia Mama Koku shikamoo, akaitikia marahaba, nikasema nilichofanya huku machozi yananiingia mdomoni. Baba akamuuliza jirani yake kwa nini hakuja kugonga mlango wetu.

"Wenye mtaa wakishaamua," Mama Koku alisema, "mimi nitasema nini?"

Baba aliiweka nyundo begani. Halafu alikwenda kuibomoa baraza yetu kwa mkono wake, kabla hata ya vijana kuwasha moto, na mimi nikarudisha mafiga jikoni moja baada ya jingine. Yalikuwa mazito. Nililia kwa ajili ya baraza, na niliamini Mama Koku ni mama mpole tu.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, baada ya kusomea mipango miji. Marehemu mumewe alinunua kile kiwanja kwa maneno mbele ya mashahidi, na mashahidi walikwisha kufa. Angelalamika, mtu angemuuliza hati. Upole ule ulikuwa hofu, na mimi ndiye niliyeichokoza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Leo kazi yangu ni kupanga mitaa, na naiweza. Mwezi uliopita, kule Buhongwa, nilimkuta mzee mmoja anang'oa uzio wake kabla sijafungua hata ramani. Nikawaambia vijana wangu waweke tepu chini. Nikamwamkia, nikaketi naye chini, nikamuuliza nani kamwambia ang'oe.

"Hakuna aliyeniambia, mwanangu," alisema. "Niliona rangi."