Pikapu Mbili na Mtende wa Samail

Nilikwenda Maskati kuchagua pikapu. Kaka yangu Hemed analima mboga Pemba na kuzipeleka bandarini Mkoani, na mafuta yalikuwa yanamlia faida yote. Ami Nassor, mdogo wake marehemu baba, anaishi Al Khoudh. Alipopata habari akatuita: huku zimeingia pikapu za umeme za aina mbili, njooni mziendeshe, mchague, kusafirisha niachieni mimi. Nikatumwa mimi kwa kuwa nafundisha udereva na, kama asemavyo Hemed, sina haya ya kulisema gari la mtu.

Nilikuwa na sababu ya pili. Baba alifanya kazi Oman miaka mingi, na mwaka niliozaliwa alipanda mtende shambani kwa jamaa zetu, upande wa Samail, akauita wa Salma, kwa jina langu. Nimekua nausikia tu. Mitende ya shamba lile imefanana yote, na aliyebaki anayeujua wangu ni Ami peke yake.

Uwanja wa ndege wa Maskati nilipokewa na Ami na binti yake, Asya. Ami alinishika uso kwa mikono miwili, akanisogelea, akanitazama mpaka nikaona haya. Nikasema moyoni, mzee ananitafuta baba usoni. Njiani nilimuuliza hali yake, akanijibu alhamdulillahi. Asya akanionyesha majengo mapya.

Asubuhi iliyofuata, kwenye duka la magari mtaa wa Azaiba, tuliichukua pikapu ya kwanza. Mwenye duka anajuana na Ami, akatuachia kutwa nzima. Gari zuri, sikatai. Viti vinapulizwa ubaridi, na ukimya wake ni wa kutia usingizi. Lakini kila kitu kimo kwenye kioo kimoja kikubwa, hata kugeuza upepo usikupige usoni lazima upapase picha huku unaendesha. Kitanda cha mizigo kiko juu, kifuani kwangu. Nikawafikiria vijana wa Hemed wakinyanyua makreti ya nyanya kutwa nzima, nikalirudisha. Ami alicheka, akasema hili ni la bwana harusi.

Siku ya pili tuliichukua ile nyengine na kwenda nayo Rusayl, kwenye ghala la rafiki yake Ami, kuipakia saruji. Nilitaka kupakia mwenyewe nione urefu wa kitanda, Ami akakataa katakata. Mgeni wake kubeba saruji? Nikakalishwa kivulini na chupa ya kahawa na sahani ya halwa, nikalipima gari kwa macho huku wengine wakitoa jasho. Springi zake ni ngumu na ndani hakuna anasa, ila vitufe ni vya kubonyeza na kitanda kiko chini. Hapo tayari moyo wangu ulishaamua.

Kutoka Rusayl tulishika barabara ya Nizwa, tuone linavyopanda milima na mzigo. Ami alikaa pembeni yangu, kila mara ananiuliza: bango lile linasemaje, mlima ule una rangi gani saa hizi. Nikadhani ananifanyia mtihani mwalimu wa udereva, nikawa namjibu kwa madaha.

Tulipofika Fanja betri ilikuwa imeshuka nusu. Mimi wanafunzi wangu huwakataza kuvuka nusu kwenye njia wasiyoijua. Nikapunguza mwendo.

"Samail si mbali," Ami alisema. "Mitende imebeba saa hizi."

Nikamwambia mzigo ni mzito na joto kali, sitaki kumlaza mzee njiani. Tutakwenda wiki ijayo kwa gari la Asya, tukae kwa raha.

"Haya, mwanangu. We ndo dereva."

Kwetu mkubwa akishalisema jambo kwa mbali halirudii. Ni juu ya mdogo kulidaka. Mimi nililisikia, nikalichukulia kuwa ni habari za mitende tu, nikageuza gari.

Kwenye mteremko wa kurudi nikaona ajabu. Kila nikiondoa mguu, namba ya betri inapanda. Nilikuwa nimesoma kwamba magari haya hujirudishia umeme yakiteremka, ila kuliona na mzigo wa saruji mgongoni kulinifurahisha kama mtoto.

"Ami, linajijaza lenyewe."

"Linajijaza? Basi tungefika."

"Tungefika," nikasema, na nikalipa gari alama nyengine. Rusayl ilikuwa inaonekana mbele. Kugeuza tena kulikuwa kitu gani? Sikugeuza.

Wiki iliyofuata Samail haikuwezekana. Leo Ami ana miadi, kesho amechoka, keshokutwa wamekuja wageni. Asya alinipeleka sokoni na pwani, akanipikia biriani, na kila nikiuliza alisema inshaallah. Tarehe ya tiketi ikafika. Uwanja wa ndege Ami alinishika tena uso, safari hii kwa vidole, taratibu, paji mpaka kidevu.

Pemba pikapu imefika salama. Sikukosea. Inapanda vilima vya huku na makreti yake bila kulalamika, na Hemed kila jioni ananiombea dua. Lakini sasa najua kwamba safari ile niliyaangalia magari tu, na mtu aliyekaa ubavuni mwangu sikumwangalia.

Asya alinipigia simu baada ya pikapu kufika. Kwao mgeni haambiwi maradhi ya nyumbani mpaka arudi kwake salama, asije akaharibikiwa na matembezi.

"Baba haoni tena, Salma. Ulipokuja alikuwa anaona kidogo tu, na daktari alishatwambia macho hayatorudi. Pikapu angeweza kuchagua mtu yeyote. Alitaka wewe uwahi, akuonyeshe mtende wako angali anaona."

Nililia, na yeye akanisubiri.

Akaniambia wamempeleka Samail, mwenyewe ameomba. Akawaongoza mpaka kwenye safu, akaanza kupapasa mashina, moja baada ya jengine. Akasimama. "Mwambieni Salma ni huu." Khalafu akasogea hatua, akashika wa pili, akakaa nao muda mrefu. "Au huu," akasema.

Asya amenitumia picha ya yote miwili. Nimeitazama sana. Yote imebeba tende.