Mkono wa Kushoto wa Baba

Baba yangu alikuwa mwandika mabango pale Bahi. Maduka mengi ya kando ya barabara yalibeba maandishi yake: herufi nene zenye mikia iliyojikunja, nyekundu kwa bluu. Kanisani pia walimpelekea vyeti vya ndoa ajaze majina. Alisema jina la mtu halitakiwi kuandikwa kwa haraka.

Kisha akapata kiharusi. Mguu ulirudi kidogo kidogo, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani, na maneno yakawa yanamkwama. Mimi nafanya kazi ofisini Dodoma mjini, nikawa nampigia simu kila jioni. Nilikuwa nasikia akihangaika na neno moja, anapumua, anaanza upya, na mimi kwa huruma yangu namalizia sentensi kwa niaba yake. Mara nyingi nilikosea alichotaka kusema. Siku moja alimrudishia mama simu nikiwa bado naongea.

"Mwache kwanza," mama aliniambia. "Ukimsaidia hivyo unamchosha."

Wiki kadhaa baadaye kondakta wa basi aliniletea kiroba cha mchele kutoka nyumbani. Juu ya mchele palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Herufi zilikuwa kubwa, zinayumba, nyingine zimepanda juu ya mstari kama zimeshtuliwa. Niliisoma nimesimama palepale stendi.

"Mwanangu. Huu ni mkono wa kushoto. Mvua imenyesha, majaruba ya mpunga yamejaa maji. Mama yako ameninyima chumvi. Usimwambie nimesema."

Nilicheka, kisha nikalia, watu wakanipita na mizigo yao. Hayo yalikuwa maneno yake, na hakuna aliyemmalizia.

Nikanunua karatasi za mistari na bahasha. Nilipokaa kumjibu niligundua mkono wangu umesahau kazi hiyo. Ofisini tunachapa kila kitu. Kalamu naishika kwa ajili ya kusaini tu. Niliandika ukurasa mmoja vidole vikauma. Nilimweleza habari za ofisi, bei ya nyanya, na mwenye nyumba wangu anayefuga bata wanaoingia hadi jikoni kwangu. Nikampa kondakta yuleyule.

Barua yangu ilirudi. Baba alikuwa ameisahihisha. Kila "r" yangu iliyofanana na "v" aliizungushia duara, na pembeni akaiandika upya jinsi inavyotakiwa, kwa mkono wake ule unaotetemeka. Chini akaongeza: "Bata wamenifurahisha. Lakini andika vizuri, wewe hujaugua."

Tangu hapo tukawa tunaandikiana. Nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta barazani, karatasi ameibana kwa jiwe kwa sababu mkono mwingine haukuweza kuishika.

"Shikamoo baba."

Aliinua macho, akatabasamu upande mmoja. "Ma... marahaba."

Akaendelea kuandika. Nilikaa karibu yake. Ulimi wake ulikuwa umetoka kidogo kama wa mtoto wa darasa la kwanza, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alipomaliza mstari aliegemea ukuta akautazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa, akachukua karatasi nyingine.

Mwenye duka mmoja alipita kumwomba amwandikie bango jipya. Baba alichukua kalamu, akamwandikia: "Bado. Mkono huu ni mwanafunzi." Yule bwana alisoma, akakikunja kile kikaratasi na kukitia mfukoni.

"Basi nitasubiri, mzee," akasema.

Maneno ya mdomoni hayajarudi kama tulivyotumaini. Daktari alituambia tusiwe na haraka, nasi tumeacha kuwa na haraka. Ila mwandiko umetulia. Herufi sasa zinalalia kushoto, hazina mikia, na nikiziona kwenye bahasha najua ni zake hata kabla sijasoma.

Pasaka iliyopita nilikuwa nyumbani. Baada ya chakula baba alitoa bahasha kwenye mfuko wa shati. Nilinyoosha mkono nikidhani ni yangu. Akanipita, akampa mama, ambaye analala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja.

Mama alishangaa. Alifuta mikono kwenye khanga, akaenda kukaa kwenye kigoda nje, mahali penye mwanga. Yeye husoma polepole, midomo ikicheza. Tulimwona akifika mwisho, akarudia tangu mwanzo.

"Imesemaje, mama?" nikamuuliza.

"Ni yangu," akajibu, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akaniomba kalamu.