Landrova ya Baba na Mwiko wa Tanuru

Siku trekta lilipoivuta Landrova ya baba kutoka kijijini kwake Mwazye na kuiingiza uani kwangu, mwanangu, naikumbuka kama naiona. Vumbi limetanda, mbwa wanabweka, majirani wametoka na vikombe vya chai mkononi, na mimi nimekaa kwenye usukani wa gari lisilo na kioo, nazungusha mikono kana kwamba ndimi ninayeendesha. Mke wangu Skolastika alisimama mlangoni, amembeba binti yetu Oliva aliyekuwa na mwaka mmoja, akaniuliza swali moja tu: “Baba Oliva, hili litakaa hapa mpaka lini?” Nikamjibu, “Mpaka Krismasi.” Sikutaja Krismasi ya mwaka gani, kwa sababu na mimi sikuijua.

Nakueleza haya kwa kuwa nimesikia nawe umeleta chuma chako nyumbani. Vijana wa leo mnaona kwenye simu mtu analikuta gari porini limeota majani, dakika kumi baadaye linang'aa. Hizo dakika kumi mimi nimeziishi, na zilikuwa ndefu. Kaa basi tuzungumze. Jungu kuu halikosi ukoko, hata kama ukoko wenyewe umeungua kidogo.

Baba yangu, Mzee Kalisto, alikuwa dereva wa mapadre kwa miaka mingi. Gari hilo ndilo alilolipeleka mpaka bondeni Mtowisa, kwenye joto na barabara za mawe, likibeba wagonjwa, mifuko ya saruji, na mara nyingine jeneza. Alipostaafu, gari nalo lilikuwa limechoka, wakampa liwe lake. Akalisimamisha nyuma ya nyumba, kuku wakaanza kutagia kwenye viti, na sikuwahi kumwona akilikaribia. Mimi nikadhani anaumia kuliona vile. Nikasema moyoni, mtoto gani huyu anayeacha jina la baba yake liliwe na kutu? Nitalifufua, nimpakie mzee mbele, nimshushe Mtowisa kwa heshima. Sikumuuliza kama anataka. Nilimwambia nalichukua, akanitazama, akasema, “Haya.” Hiyo haya ya baba niliihesabu kuwa baraka.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi pembeni mwa mji wa Sumbawanga, na ufundi wenyewe nilijifunza kwa kuchungulia mgongoni kwa mafundi. Nikaanza kufungua. Kufungua, mwanangu, ni kutamu sana. Kila boliti inayokubali unajiona umeshinda. Boliti za injini nikazitia kwenye sufuria, za milango kwenye beseni la Oliva la kuogea, za magurudumu kwenye kopo la kupimia unga. Skolastika akihitaji sufuria anazimwaga kwenye kikapu, akihitaji kikapu anazihamishia kwenye ndoo. Baada ya mwezi, mimi mwalimu wa hesabu sikuweza tena kusema boliti ipi ni ya wapi. Nilikuwa naokota moja, naigeuzageuza, naiweka pale pale nilipoiokota.

Na gari lenyewe lilinidanganya. Bodi ya Landrova za zamani ni ya bati lisiloshika kutu, kwa hiyo ukilitazama kwa juu unasema hili zima. Nilipolala chini yake na kuigonga chesisi, ule uti wa chini unaobeba gari zima, kwa nyundo, nyundo ilipita. Chuma kilikuwa kimeliwa kutoka ndani, kimebaki ganda. Nilitoka pale na kutu machoni, nikaingia ndani kunawa, sikumwambia mtu.

Ndipo nikafanya kosa ambalo nadhani ni Mfipa tu angelifanya. Unajua babu zetu walikuwa watu wa chuma. Yale matanuru marefu ya udongo uliyoyaona yamesimama porini, ndiyo waliyoyeyushia mawe. Na wazee wa tanuru walikuwa na mwiko: tangu moto unapowashwa mpaka chuma kitoke, mtu harudi kwa mkewe. Walilala huko huko. Babu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Basi jioni moja Skolastika aliponiuliza kwa nini siku hizi nakula uani peke yangu, nikamjibu kwa tambo, “Mama Oliva, chuma kina mwiko. Hii ni damu ya wahunzi.” Nikahamisha godoro, nikaliweka kwenye kibanda cha vifaa, ati nisiwaamshe nikitoka mapema. Yeye ni mtu wa Kaoze kule bondeni, kwao ni mpunga, mambo ya tanuru hayajui. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumlaza mtoto.

Sasa sikia la ulezi. Msimu wa mvua ulipokaribia nikaona injini na gia boksi zitalowa. Chumba cha stoo kilikuwa na magunia ya ulezi. Nikayatoa barazani, nikayafunika turubai, nikaingiza injini. Niliona nimefanya akili. Mvua ya kwanza ilipokuja na upepo, maji yakapita chini ya turubai, na tulipokuja kufungua yale magunia, ulezi ulikuwa umeota na kuvunda. Skolastika alitia mkono, akatoa konzi moja, akainusa, akaimwaga. Mimi nikasema ile ninayoisema kila kitu kikiharibika: “Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.” Hakucheka.

Kwetu, mwanangu, ulezi si ugali tu. Kila mwaka mvua zinapoelekea mwisho na majani yamekuwa marefu, tunayafukia kwenye matuta ya duara, yaozee humo yawe mbolea, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Unapika pombe ya ulezi, unaalika majirani, wanakuja na majembe, kufikia jioni shamba limejaa matuta. Nyumba isiyo na ulezi haialiki mtu. Na usipotengeneza matuta mwaka huu, mwakani utavuna nini? Hilo nalo nilikuwa nalijua vizuri. Nilikuwa nalifundisha darasani. Lakini akili yangu wakati ule ilikuwa kama lile kapu la boliti, kila kitu kimo na hakuna ninachokipata.

Siku baba alipokuja ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimepiga msasa mlango mmoja tangu asubuhi, umeng'aa, na nilipomwona anaingia uani nikafurahi kweli. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikajisemea, leo atanisifu. Nikamkimbilia, “Shikamoo baba.” Akaitikia marahaba huku anakung'uta suruali. Suruali ilikuwa na udongo mweusi mpaka magotini, na viganja vyake vina malengelenge mabichi. Nikachanganyikiwa. Mtu amekuja kwa gari kutoka Mwazye, udongo ameutoa wapi?

“Nimepitia shambani kwako,” akasema. “Nimemkuta mkwe wangu analima matuta peke yake, mtoto yuko mgongoni. Wapita njia wanamsalimia na kuendelea. Nikaazima jembe kwa jirani. Tumefanya matuta kumi na moja, mgongo umekataa.”

Mimi nikamwonyesha mlango. Ndiyo, mwanangu, nilimwonyesha mlango wa gari. Nikamwambia aitazame rangi ya zamani inavyotokea. Aliutazama. Halafu akauliza hilo godoro kibandani ni la nani. Nikaanza habari ya babu, na chuma, na mwiko. Niliongea sana, na kadiri nilivyoongea nilijisikia napotea, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Baba hakupaza sauti. “Lukasi,” akasema, “babu yako alikaa tanurini siku chache, akarudi na majembe. Wewe umekaa huko tangu kiangazi. Umemletea nini mke wako?”

Akaweka kiganja chake juu ya boneti, na hapo ndipo nilipomsikia akisema jambo ambalo hakuwahi kulisema maisha yake yote.

“Unadhani nalipenda gari hili. Ulipozaliwa nilikuwa Mtowisa. Ulipoanza kutembea nilikuwa njiani. Mama yako alipougua, nilikuwa nimembeba mgonjwa wa watu wengine. Gari hili lilinitoa nyumbani kwangu. Lakini langu, mwanangu, lilikuwa na magurudumu. Lako limekaa juu ya mawe, na limekupeleka mbali kuliko nilikofika mimi.”

Akatoka akaenda kukaa barazani.

Mpaka leo sijui niseme nilijisikiaje. Aibu ilikuwapo, na hasira kidogo, na huzuni ambayo sikuijua ni ya nani. Nilikumbuka nikiwa mdogo nasikiliza mlio wa gari lile likipanda kilima, nakimbia mpaka barabarani. Miaka yote nilidhani ninalipenda gari. Kumbe nilikuwa nampenda aliyekuwa ndani, na sikumpata, nikakimbilia chuma chake.

Nikataka kwenda shambani. Nikatafuta jembe nyuma ya nyumba, nikatafuta jikoni, nikatafuta hata chini ya gari. Nyumba yangu mwenyewe, na sikujua majembe yanakaa wapi. Nikaenda shambani hivyo hivyo, nikamkuta Skolastika hajafika mbali na pale baba alipomwacha. Nikasimama mbele yake mikono mitupu, nguo zina grisi, nikamwambia, “Mama Oliva, nimekosa. Na jembe sijaliona.” Alinitazama. Oliva mgongoni kwake alinitazama naye, akageuza uso, akauficha kwa mama yake kama wafanyavyo watoto wakimwona mgeni. Hapo nililia, mwanangu, sioni haya kukuambia. Skolastika akanipa jembe lake, akasema, “Anzia hapa. Majani yaelekee ndani.” Akakaa pembeni kumnywesha mtoto uji.

Gari lile nilikuja kulimaliza, lakini baada ya miaka sita, kwa Jumamosi za baada ya mavuno tu, Skolastika akishika taa na Oliva akipanga boliti kwenye makopo aliyoyaandika mwenyewe. Baba alikuwa ameshatutangulia. Hakulipanda. Watu huniambia pole kwa hilo, nami huitikia ahsante, ila kusema kweli sijui kama angekubali kulipanda.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi chuma chako. Kazi ya mikono ni nzuri, na mtu asiye na kitu cha kukishughulikia huwa mzigo kwa wenzake. Lakini kabla hujafungua boliti ya kwanza, waulize walio hai. Ukisema unamfanyia baba, muulize baba. Ukisema unawafanyia wanao, tazama kama wanakukimbilia au wanakukimbia. Usimtoe mtu chakula chake stoo ili uingize ndoto yako. Na mila za wazee usizikate kipande kile kinachokufaa ukaacha kingine, kwa maana aliyekwenda tanurini alikwenda ili arudi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, nikaupata tena kwa huruma ya mwanamke mmoja wa Kaoze, na si kila mtu huhurumiwa.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, isikose kazi. Gari lako likubali, likuvushe milima yote ya Ufipa. Na kila jioni ukinawa grisi ukaingia ndani, akujalie mtoto wako akuone mlangoni na asiulize huyu ni nani.