Waliokula Wafo Walihamia Milimani

Mtu akila wafo Kwa Vishimo, wiki haiishi kabla hajahamia Milimani, mtaa wa matajiri. Hilo tulilijua watoto wote wa Bondeni, na mimi niliamini kuliko wote. Ningeulizwa kanisani nichague kati ya hilo na habari ya Yona kumezwa na samaki, ningemwomba Yona anisamehe. Kwa Vishimo ndilo jina tuliloupa mkahawa mmoja wa pale mjini kwa sababu ya hiyo wafo yenyewe, mkate mtamu wa unga, maziwa na mayai unaobanwa kati ya vyuma viwili vya moto mpaka unatoka na vishimo vya mraba pande zote, kisha unamwagiwa asali inayojaa vishimoni kama mvua kwenye nyayo za ng'ombe. Harufu yake ilikuwa na miguu. Ilitoka mlangoni pa mkahawa, ikavuka barabara, ikapita katikati ya soko bila kusalimia mtu, ikatukuta tukichota maji kwenye mfereji wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga na kulishinda hata lile vumbi la magadi linalopeperushwa kutoka ziwani. Kuna siku nilikula ugali mkavu nikiwa nimegeukia kule upepo unakotoka, na nawaambia nilishiba.

Uvumi wenyewe uliletwa na Oduor, rafiki yangu wa mlango wa pili, na Oduor hakuwa mtu wa kusema bila ushahidi. Dada yake Atieno alionekana Jumamosi moja ameketi ndani ya Kwa Vishimo na mama fulani mwenye viatu vya kugonga sakafu. Jumatatu Atieno hayupo. Yuko Milimani, Oduor akatutangazia, kwenye nyumba yenye lango la chuma, mbwa wakubwa kama ndama, na miti inayomwaga maua ya zambarau barabarani kana kwamba kila siku kuna harusi. Haukupita muda msichana wa ploti ya nyuma naye akaonekana na uma mkononi, naye akaenda. Sikuona ajabu kwamba waliokuwa wakienda ni wasichana tu. Nilidhani ni kama chanjo, kuna foleni, na zamu ya wavulana itafika.

Mwaka huo kiwanda cha blanketi alichofanyia kazi baba kilifungwa. Mishahara ya mwisho wakalipwa kwa blanketi, hivyo tukawa na blanketi za kufunika mlima wote wa Menengai, na unga hatuna. Baba alikaa mlangoni mchana kutwa akitazama kiatu chake kimoja, kana kwamba kile kingine hakikumhusu. Mama aliuza mboga za sukuma wiki, lakini akina mama wote wa mtaa nao walikuwa wakiuza sukuma wiki, na sijui nani alibaki wa kununua.

Dada yangu Nekesa alikuwa darasa la saba. Kichwa chake cha hesabu kilikuwa kitu cha kutisha. Mwalimu akikwama ubaoni alijifanya anatafuta chaki huku akimtazama yeye. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja tu afanye mtihani wa darasa la nane, na alikuwa amekwisha kuamua kwamba atakuwa mwalimu. Vitabu vyake alivifunika kwa magazeti, kila pembe imekunjwa kama shuka la hospitali, na ole wangu niviguse. Kwa hiyo mama aliposema jioni moja kwamba Jumamosi Nekesa ataenda mjini kula Kwa Vishimo na mama mmoja wa Milimani, na Nekesa akainuka akaenda kuvipanga upya vitabu vyake ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari, sikumwelewa. Mimi nilikuwa nacheza ngoma juu ya kitanda.

Siku zilizofuata nyumba yetu iligeuka chuo. Mama aliazima uma kwa mke wa pasta, akakata ugali vipande vya mraba, akamketisha Nekesa mezani. Alimfundisha kutafuna mdomo ukiwa umefungwa, kuweka uma chini kila baada ya tonge, kujibu bila kuinua sauti. Halafu akamfundisha kuacha. Ukifika nusu, weka uma, sema asante, sukuma sahani. Nekesa alisukuma sahani ile jioni baada ya jioni, tumbo likinguruma tukilisikia wote, nami nikamaliza kilichobaki. Nilijua hiyo ndiyo heshima ya Milimani, watu wa huko wana chakula kingi mpaka wanakichoka katikati. Kwa upande wangu nilifungasha. Gololi zangu za kuchezea, kaptula ya Jumapili na picha ya gari iliyokatwa kwenye kalenda, vyote kwenye mfuko wa karatasi. Nilimuuliza mama kama wale mbwa huwa wanafungwa mchana. Aliniambia ninyamaze, na hakuniambia kwa ukali.

Jumamosi nilichukuliwa kwa sababu niling'ang'ania sketi ya mama mpaka akachoka. Mama wa Milimani alikuwa na sauti laini na rundo la funguo aliloliweka mezani kama mtu mwingine wa tano. Aliagiza wafo moja na soda kwa Nekesa, na chai kwa mama. Ilipoletwa, moshi wake ulinipiga usoni nikaona nyota mchana. Nekesa alikula kama malaika. Huku akila aliulizwa kama anajua kupiga pasi, kama amewahi kulea mtoto mchanga, kama ana usingizi mzito. Alijibu yote vizuri, kisha yeye, ambaye hakufundishwa sehemu hiyo, akasema Januari ataingia darasa la nane.

"Shule tutaangalia," yule mama akasema.

Nekesa alitazama vishimo vilivyobaki kwenye sahani. Akaweka uma, akasema asante, akasukuma sahani, nami nikaimaliza ile nusu kwa pumzi moja. Yule mama alinitazama, akacheka kidogo, akamwambia mama yangu, "Huyu wa kiume ana tumbo. Lakini msichana yuko sawa."

Jumatatu Nekesa aliondoka na mfuko wa nailoni. Mimi nilikalia mfuko wangu mlangoni, kando ya baba, nikingoja gari lije kutuchukua sisi tuliobaki. Baba hakuniuliza nangoja nini. Nadhani alidhani ninamsaidia kazi yake. Desemba Nekesa alikuja siku moja, vidole vimechanika kwa sabuni, akanieleza kwamba nyumba ile ina ngazi ndani. Nikamuuliza kama analala juu. Akasema chumba chake kiko nje, karibu na tangi la maji, peke yake. Nikakimbia kutangaza Bondeni nzima kwamba dada yangu amejengewa nyumba yake. Januari ikaja ikapita, na vile vitabu vilikaa chini ya kitanda mpaka panya wakavihitimu.

Uvumi wenyewe ulijifia nilipopata akili nikajua kwamba wasichana wale walikwenda kufanya kazi za nyumbani. Kipande kimoja tu kilibaki ndani yangu, kwamba angalau ile wafo ilikuwa zawadi, kwamba kabla ya yote kulikuwa na mtu aliyemkaribisha dada yangu mezani.

Juzi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, darasani na vijana walioniita babu wa dawati la nyuma. Cheti kimepata fremu. Mimi bado sijapata kazi, lakini fremu ni nzuri sana. Kusherehekea nilimwita Nekesa kutoka Naivasha, anakofunga maua ya kupelekwa ng'ambo, nikampeleka Kwa Vishimo. Sasa kuna ghorofa na muziki, na vijana wanaipiga wafo picha mpaka inapoa. Zamani, ukiacha ile Jumamosi moja, niliinusa tu kutoka mbali. Siku hiyo niliingia kama mteja, lakini soda ikiisha hata yule wa kuosha vyombo jikoni alikuwa na uhakika wa kesho kunishinda, maana yeye alikuwa na kazi.

Karibu na dirisha aliketi mama mwenye funguo za gari, mwanamke aliyefunga vifungo vyote vya sweta lake, na msichana wa kama miaka kumi na mitatu aliyeshika uma kwa uangalifu mkubwa. Nikamwambia Nekesa, pengine ni siku ya kuzaliwa ya yule mtoto. Hakugeuka. Alikuwa amefika nusu ya wafo yake. Akaweka uma, akaisukuma sahani upande wangu, kama anavyosukuma kila sahani tangu tukiwa wadogo. Kwa mara ya kwanza nikamuuliza kwa nini huwa hamalizi.

"Barasa, ile wafo haikuwa ya kunikaribisha," akasema. "Yule mama alitaka kuona kama mimi ni mtu wa kula sana."