Tangazo Lililomwachisha Baba Dawa

Fundi cherehani alikuwa akigeuza kola ya shati la baba yake, vidole vyake vikagusa vitu vigumu mfukoni. Kutazama, vidonge vya presha, vimeviringishwa kwenye karatasi. Kila asubuhi alimwachia mzee kidonge na glasi ya maji, na kila akirudi alikuta glasi tupu. Kumbe alikuwa akinywa maji matupu!

Akamfuata sebuleni. Baba yake, dereva wa treni mstaafu, mtu asiyeyumbishwa na yeyote, alipoviona akatazama pembeni.

"Baba, hivi vimefuata nini mfukoni?"

"Vinanitia kizunguzungu, mwanangu. Nikatafuta sababu kwenye intaneti ya simu. Tangu siku hiyo kuna daktari mmoja haniachi. Nikifungua mpira, yumo. Nikifungua habari, yumo. Anasema niache vidonge, ninywe unga wake."

"Daktari gani?"

Akamwonyesha. Tangazo: bwana mmoja wa koti jeupe, meno yote nje. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, seuze mzee mwenye kizunguzungu. Bahati nzuri unga wenyewe alikuwa hajauagiza.

Hospitalini, muuguzi alipima presha, akapima tena. "Mmewahi," alisema. "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine." Daktari akambadilishia dawa.

Njiani binti yake akamwambia, "Siku nyingine dawa ikikusumbua, niambie mimi kwanza."

"Niliona nakuongezea mzigo."

"Mzigo ni kukuzika, Baba."

Mzee alimshika mkono mpaka nyumbani.

Jioni hiyo binti alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa mitandao. "Shemeji, huwezi kulifukuza balaa hili kwenye simu ya Baba?"

"Simu moja ya nini? Tulizuie nyumba nzima."

Jumamosi akaja na kisanduku kidogo, akakichomeka kwenye kifaa cha intaneti. "Simu ikiuliza tangazo linakaa wapi, hiki kinajibu: silijui. Basi, halifiki."

"Yatakwisha yote?"

"Nikisema yote nitakuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mengine yana mlango wa nyuma. Lakini utapumua."

Walipojaribu, ukurasa wa hospitali wa kupanga miadi nao ukagoma.

"Shemeji! Umewafungia na wenye nyumba!"

Akacheka, akauingiza kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, ukafunguka.

Wiki mbili baadaye presha ilikuwa imeshuka, kizunguzungu hakipo. Mzee alijinyoosha kwenye kochi akasoma habari za mpira kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna koti jeupe lililomkatiza.

"Huyu kipa au pazia?" aling'aka. "Mpira umempita hata hakutikisika!"

Binti yake alivua viatu, akakaa karibu naye, akashusha pumzi ndefu. Yeye mwenyewe mpira alikuwa haujui hata kidogo. Akamwacha amlalamikie kipa nusu saa nzima, naye akiitikia, "Ndiyo, Baba. Kweli kabisa, Baba."